Dawa Iliyokatika Kabla ya Ugonjwa

Ipo siku moja ya kambi ya Lukole isiyonitoka, mwanangu, ingawa nyingine nyingi nimezisahau. Nilikuwa msichana, mkimbizi kutoka Burundi, na kwa kuwa Kiswahili nilikijua, na Kifaransa cha shuleni pia, nilikuwa mkalimani katika zahanati ya shirika moja la kigeni pale kambini. Dada yangu Spesioza alikuwa akitibiwa kifua kikuu hapo hapo. Alishaanza kunenepa, hata akarudi kuimba kanisani.

Siku hiyo walikuja wakubwa wa shirika kutoka ng'ambo. Mkubwa wao akasema, nami nikatafsiri kwa sauti ya juu: "Hakuna mgonjwa tutakayemwacha." Watu wakapiga makofi. Jirani yetu, Mzee Barnaba, hakupiga. Akainuka akauliza: "Mkiondoka, dawa itabaki na nani?" Nikamfikishia mgeni swali. Akatabasamu, akajibu kwamba jambo hilo linapangwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Kumbe hata mgeni ana kwao. Vita vikazuka kwingine, wafadhili wakageukia huko, na kabla mvua hazijaisha mahema ya zahanati yakakunjwa. Dada alikuwa katikati ya dozi. Nikamshika mkono hadi kwa shirika lililosalia. Nesi, mtu mwema tu, akainamisha macho. "Sisi tuna uzazi na watoto, dada. Kifua si kazi tuliyopewa." Kwenda hospitali nje ya kambi kulitaka kibali. Kibali kilipofika, Spesioza alikuwa amekwisha kufa.

Kaburini nililia nikisema yule mgeni alituahidi. Mzee Barnaba akanikemea mbele ya watu: "Nyamaza, mwanangu. Yeye alitoa maneno. Wewe ukadhani ni dawa."

Nilimchukia mzee yule muda mrefu. Sasa nina mvi kama zake, na uchungu haujapoa, ila namwelewa.

Mwanangu, wewe unayesomea uuguzi, msaada upokee. Bila wageni wale wengi wetu tusingekuwa hai. Lakini usione haya kuuliza nani atabaki. Na siku dawa ikiwa mikononi mwako, usimwanzishie mtu matibabu kisha umwambie kifua chake ni cha wengine. Mgonjwa haji vipande vipande. Mungu akupe mikono isiyochoka katikati ya njia, na akuweke karibu na wagonjwa wako hadi wasimame wenyewe.