Kibao Chekundu Mnarani

Wenzake katika mnara wa kuongozea ndege walimwita Mama Mdomo, naye hakujali. Asubuhi hiyo aliruhusu ndege itue, akasahau kuwa trekta la kukata nyasi bado liko kwenye njia ya kurukia. Rubani aliliona, akapaa tena.

“Funika kombe mwanaharamu apite,” mwenzake wa zamu akamnong'oneza. “Mbona unataka kujichongea?”

“Afadhali nijichongee mimi kuliko fundi achonge majeneza.”

Akaripoti. Mkuu wao hakumfukuza, bali alileta kibao chekundu cha kufunika maikrofoni kila trekta linapoingia njiani.

Wiki iliyofuata yule mwenzake alinyoosha mkono kwenye maikrofoni aruhusu ndege itue, akagusa kibao. Akachungulia chini: trekta lile pale. Akaiambia ndege isubiri, akamgeukia Mama Mdomo.

“Dada,” akasema, “lile kosa langu la mwaka jana nililolifunika, nimwambie nani?”