Meza Iliyotekwa na Mtani

Mume wangu alifariki Jumanne saa sita mchana, na mimi nilikuwa Kilambo, ninakonunulia bidhaa, nikigombania samaki. Nalisema hili mwanzo kwa sababu watu wengi hunipa pole kana kwamba nilikuwa nimemshika mkono. Sikuwa nimemshika mkono. Nilikuwa nimeshika mkia wa papa mkavu, mwanamke mwingine ameshika kichwa chake, na kati yetu hakuna aliyetaka kuachia.

Simu za mkononi zilikuwa bado hazijatufikia sisi watu wa kawaida. Nilirudi Magomeni jioni, juu ya lori, pamoja na magunia yangu ya mchele na huyo papa, kwani mwishowe nilimpata. Nikaona viatu vya wanaume vimejaa mlangoni petu. Walikuwa wameshazika. Sikumwona uso.

Alikuwa fundi cherehani, na figo zilimlaza miaka miwili. Mama yake alitoka kijijini akaja kumuuguza na kutulelea watoto watatu, nami nikabaki na meza yangu sokoni, ya mchele na samaki wakavu. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, sikuwa na njia nyingine ya kulisha watu sita. Nilitoka alfajiri, nikarudi magharibi. Mtoto wa mwisho, aliyekuwa na miaka mitatu, alimwita bibi yake "Mama". Mimi aliniita "Mama wa Sokoni". Majirani walicheka sana, na mimi nikacheka nao, nikidhani ni sifa.

Kisha nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, bila mafuta ya kunukia, bila hina, bila kuvuka kizingiti. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Siku ya pili tu nilikuwa nimeshajua matofali yake yote. Mtoto wa mwisho alikuja akasimama mlangoni, akanitazama muda mrefu, halafu akamgeukia bibi yake.

"Huyu anaondoka lini?"

"Haondoki. Huyu ni mama yako."

"Hata kesho haondoki?"

Bibi alimwambia aende akacheze. Nilimlilia mume wangu, lakini nakiri kwamba siku ile machozi mengine yalikuwa ya jambo hilo.

Na yalikuwepo ya jambo la tatu, la meza. Sokoni kwetu palikuwa na desturi: meza ikikaa mwezi mzima bila mtu, mwenyekiti wa soko anampa mwingine. Waliokuwa wakisubiri nafasi walikuwa wengi, na baadhi yao walikuja kunipa pole mapema mno. Shemeji zangu walikuwa na meza zao, ndugu zangu walikuwa mbali, Tunduru. Bila meza ile sisi watano tuliobaki tusingekula. Bila eda ningekuwa mke asiye na haya, tena mke ambaye hata kufa kwa mumewe hakukumkuta nyumbani. Nilikaa kwenye mkeka nikizungusha mambo hayo mawili kichwani, na yote mawili yalikuwa na mlango uleule uliofungwa.

Siku ya tatu ya msiba akaja mtani wangu. Mimi ni Myao, yeye Mngoni wa Songea, Mkristo, mteja wangu wa zamani, mume wake akifanya kazi bandarini. Babu zetu walipigana, ndiyo maana sisi tunataniana, na mtani ana ruhusa ya kufanya msibani yale ambayo mwingine angefukuzwa. Aliingia uani amevaa kofia ya mume wangu, amejifunga shingoni futi yake ya kupimia nguo, akikohoa vilevile alivyokohoa marehemu.

"Nani kanilaza huku mchangani?" akapiga kelele. "Mke wangu yuko wapi? Au bado anapima mchele?"

Wanawake waliokuwa wakilia wakaanza kucheka huku wakilia. Akaingia mpaka chumbani kwangu, akaniinamia.

"Mtumwa wangu, pole. Leo nimekuja kuteka mali."

"Chukua hata huo mkeka, mtani, niache nilie," nikamwambia.

Akatazama huku na huku, akaona kopo langu la kupimia mchele juu ya gunia. Akalinyakua, akatoka nalo mpaka uani, akalinyanyua mbele ya watu wote, mwenyekiti wa soko akiwemo.

"Mmeona? Meza ya huyu mtumwa nimeiteka! Tangu leo ni ya Wangoni! Anayeitaka aje tupigane kama babu zake, tumshinde tena!"

Watu wakacheka, mwenyekiti akacheka mpaka akajifuta macho. Ni kawaida ya watani kunyakua kitu msibani na kukirudisha kikikombolewa, labda kwa kuku. Nikangoja aje nilikomboe kopo langu. Hakuja siku ile, wala wiki ile.

Baada ya wiki tatu wifi yangu, aliyekaa mtaa wa pili, alipita kwetu akitoka sokoni, na uso wa mtu mwenye habari.

"Wifi, mtani wako kakaa mezani kwako. Anauza."

"Anauza nini?"

"Mchele. Samaki. Kila anayeuliza anamwambia meza ni yake, ameiteka. Mwenyekiti naye kanyamaza."

Mama mkwe aliyekuwa akichambua mboga hakunyanyua kichwa. "Usimkasirikie. Mtani hakasirikiwi."

Hapo ndipo niliposhikwa barabara. Mwizi ungemshtaki. Mshindani ungemtukana. Mtani ukimkasirikia, aibu inakuwa yako. Na hata kama ningemkasirikia, ningemkasirikia kutoka wapi? Dirishani? Wiki zikapita. Wifi akaleta nyingine: meza imejaa wateja kuliko nilipokuwa mimi. Nilizimeza habari hizo kama dawa ya shubiri. Mume wangu nilikuwa namkumbuka kila saa, lakini sitadanganya: kati ya saa na saa nilikuwa nawaza ile meza.

Asubuhi moja mama mkwe alikwenda kwa jirani. Nikavaa buibui ambalo wifi alilisahau kwetu, nikajifunika uso, nikavuka kizingiti. Nilipita njia za nyuma mpaka sokoni, nikasimama nyuma ya muuza vikapu, karibu kabisa na meza yangu.

Mtani alikuwa amezungukwa na watu. Alikuwa akiniigiza. Alikunja midomo kama ninavyoikunja mimi nikipima, akajifanya haoni mtu ila kopo.

"Mama," akasema kwa sauti nyembamba ya kitoto, "baba anakuita."

Akajijibu kwa sauti yangu, bila kunyanyua macho: "Mwambie nauza."

"Mama, baba anasema anataka maji kwa mkono wako."

"Mwambie nauza!"

"Mama, baba amekufa."

"Mwambie asubiri, nauza!"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi, chini ya buibui, nikacheka. Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia, kwa sababu ile sauti ilikuwa yangu kabisa. Halafu nikaziba mdomo kwa buibui. Maana binti yetu alikuwa akitumwa kweli, mara nyingi, aje aniambie baba ananiita, na mimi nilikuwa nikijibu maneno yaleyale. Nilidhani hakuna mtu aliyekuwa akisikia.

Sikuondoka. Watu walipopungua mtani akatazama chini, akaitambua miguu yangu. Hakutaja jina, hakupiga kelele.

"Mama mteja, sogea, usinizibie jua," akasema. Niliposogea akaanza kunipimia mchele huku akinong'ona. "Umetoroka, mtumwa? Mkweo akijua atakukata hiyo miguu."

"Meza yangu," nikasema.

"Ipo."

"Unawaambia watu umeiteka."

"Sasa ulitaka niwaambie nini?" Akanitazama kama anavyotazamwa mtu mzito wa kuelewa. "Kwamba mwenye meza yuko ndani, meza haina mtu? Ingegawiwa siku ya thelathini na moja. Kitu kilichotekwa na mtani msibani nani atakigusa? Hata mwenyekiti anaogopa. Chukua mchele wako, urudi ukalie vizuri. Mauzo yako, nikitoa mtaji wangu, yapo kwenye debe, chini ya kitanda changu."

Nilifika nyumbani nikamkuta mama mkwe amekaa kizingitini.

"Umetoka."

"Nimetoka, mama."

"Kwenda wapi?"

"Sokoni."

Nilingoja anifukuze. Badala yake akapokea mfuko wa mchele, akaupima kwa mkono.

"Hata eda hukuiweza," akasema, akaenda kuupika. Hakumwambia mtu, lakini mimi hakunisamehe mpaka anaingia kaburini.

Siku nilipotolewa eda niliogeshwa, nikavalishwa kanga mpya, ndugu wakaja na pilau. Kesho yake ningeweza kukaa nyumbani. Mtoto wa mwisho alikuwa ameanza kulala kwenye mkeka wangu, mara moja moja akiniita mama, bila soko. Ningependa kuandika kwamba nilikaa naye. Nilitoka alfajiri, yeye akiwa usingizini.

Mtani alidai kuku, nikampa, naye akanirudishia kopo na debe la mauzo. Akasimama, akapangusa benchi kwa kanga yake, akaondoka kwenda kupika kwake, akiniacha na meza iliyopangwa vizuri kuliko nilivyowahi kuipanga mimi. Nilikaa. Hakuna aliyenisukuma, na bado nilijisikia kama niliyerudishwa ndani, kukaa eda nyingine.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja nisiyemjua. Akatazama huku na huku.

"Yule mama mchekeshaji yuko wapi?"

"Alinishikia tu. Mwenye meza ni mimi."

"Basi na wewe tuchekeshe kidogo."

Nilifikiri. Nikampimia mchele wake, nikaongeza konzi moja juu, naye akaondoka.