Jumbe Kaniambia Nipike Pilau, Lakini Majina ya Wafu Nisiyataje

Mhariri, jina langu lifunike gubigubi, na mtaa wangu sema Temeke tu, inatosha. Mie ni mzee wa miaka sitini na ushei. Shule niliishia darasa la pili, mwalimu alipochoka kunichapa au mie nilipochoka kuchapwa, sikumbuki nani alitangulia. Kazi yangu ilikuwa upishi. Sasa nakaa nyumbani na mke wangu, ambaye amepooza upande mmoja, lakini ulimi ni mzima, tena umeongezeka nguvu.

Tabu yangu imeanzia kwa tajiri wangu wa zamani niliyempikia, mzungu msimamizi wa mabomba ya maji, watu wakimwita Bwana Mfereji. Ukimwita Mwingereza, siku hiyo chakula hakiliki, anafoka: "Mimi mtu wa Ailandi!" Jirani yangu Mzee Kibwana akasema, "Mweupe, anasema Kiingereza, anakula viazi asubuhi na jioni, halafu si Mwingereza? Basi Mngazija."

Kila Jumatatu ya Pasaka alikuwa haendi kazini. Anavaa koti, anasimama barazani, anataja majina ya watu kwa sauti, moja moja, kwa kichwa. Mwaka wa kwanza nilidhani ni homa. Nilipomuuliza, akaniambia siku kama ile watu wa kwao, nao wakitawaliwa na Mwingereza, waliteka posta ya mji wao mkuu wakasema Mwingereza sasa basi. Mwingereza akaja na mizinga, na wakubwa wao akawapiga risasi; ndio hao anaowataja.

"Posta?" nikamuuliza. "Walikuwa wakingoja barua gani?"

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yale machozi yakawa ya kweli.

Sasa mie Mswahili. Mtu akiwalilia wafu wake siwezi kumtazama sufuria likiwa tupu. Pasaka iliyofuata nikapika pilau, nikatandika majamvi, nikamwita mwalimu wa chuo cha Kurani na majirani, nikawaambia ni hitima ya Waailandi. Mwalimu akasema makafiri hawasomewi hitima. Upepo ukaleta harufu ya mdalasini. Akasema dua ya jumla haikatazwi.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa makubwa kuliko sufuria langu. Bwana Mfereji alipomaliza majina yake, Mzee Kibwana akasimama. "Baba yangu aliwabebea Waingereza mizigo vita vya Mjerumani, akafia porini. Hajasomewa hata siku moja. Nami nimtaje?"

"Mtaje," Bwana Mfereji akamwambia.

Akamtaja, akakaa. Baada ya hapo kila Pasaka watu wakazidi. Huyu babu yake alinyongwa na Mjerumani, huyu kaka yake hakurudi vitani. Hata karani mmoja Mkristo wa bara alikuja na mkewe. Na watu wakishakula pamoja hawaondoki upesi; wakaanza kuulizana kwa nini mabomba yanapita Temeke yakienda kwa wazungu, na sie tunachota kisimani na vyura. Wakafunga safari kwa Bwana Shauri, mzungu wa wilaya, kudai maji. Bomba tukapewa, na askari kanzu tukapewa vilevile. Kila mwaka anakula pilau langu huku akihesabu vichwa.

Bwana Mfereji alipokufa, serikali ilimfunika bendera ya Mwingereza. Angekuwa na uwezo angeipiga teke. Hitima nikaihamishia uani kwangu, na majina yake nikayataja mie, kwa jinsi ulimi wangu ulivyoweza.

Mwaka huu amekuja Bi Mwanahawa, jirani yangu muuza vitumbua. Mwanawe wa pekee, Athumani, alikuwa kuli bandarini. Wakati wa mgomo wa makuli askari walimchukua akiwa mzima, anatembea. Baadaye mama akaambiwa amekufa kwa homa na amekwisha kuzikwa. Nani kamwosha? Hakujibiwa. Kaburi liko wapi? Hakuonyeshwa. Akaniambia, "Kaka, mwaka huu mtaje Athumani wangu." Nikamwitikia.

Kesho yake jumbe wa mtaa akaja. Jumbe huyu tumetiwa jandoni pamoja, siri zake zote ninazo. "Pika pilau lako, mie mwenyewe nitakuja kula," akasema. "Lakini majina basi. Na la yule kuli likisikika hapa uani, kiwanja ni cha serikali. Nyumba itavunjwa."

Nikamtania, "Na baba yako je, naye si alifia mizigoni? Nimtaje au nimwache?"

Nilidhani atacheka. Akatazama chini, akasema polepole, "Mwache."

Nikaenda kumweleza Bi Mwanahawa. Akanisikiliza huku akigeuza vitumbua vyake.

"Sikulaumu kaka, una mgonjwa ndani. Wewe usimtaje. Nitakuja nikae jamvini na wenzangu, zamu yangu ikifika nitamtaja mwenyewe. Mie nimepanga chumba, nyumba ya kuvunjiwa sina."

"Itavunjwa yangu, dada."

"Najua," akasema, akageuza kingine.

Mzee Kibwana ananiambia mwaka huu nisipike, nijisingizie mgongo. Mke wangu anasema, "Nibebeni mniweke barazani, waje wavunje nikiwatazama." Maneno rahisi kwa mtu ambaye kumbeba ni kazi yangu, na nikishambeba sina pa kumtua.

Pasaka ndiyo hii inabisha. Nisipopika, nitakuwa nimewanyamazisha wafu wa mtaa mzima kwa mkupuo mmoja, na jumbe hajanyanyua hata kidole. Nikipika, Bi Mwanahawa atakuja, na komeo la mlango wa ua liko mkononi mwangu. Nimezoea kufanyia kila jambo mzaha, hili limenishinda. Wasomaji wa ukurasa huu, nyie wenye akili kuliko hizi zangu za jikoni, niambieni: mama yule akipiga hodi, nimwitikie karibu, au nijifanye kiziwi?