Abiria wa Kudumu

Stesheni ile sasa ni malazi ya mbuzi. Enzi za treni za mkaa ilikuwa na pilikapilika zake, kwa sababu kila treni ilisimama pale kunywa maji. Zilipokuja za dizeli, ikatoka amri kwamba treni isimame tu kama kuna mtu jukwaani, na abiria nao walikuwa wa kutafuta kwa tochi.

Mke wa stesheni masta alikuwa fundi cherehani, na hakuwa tayari kumwona mumewe akikosa kazi. Basi kila treni ilipokaribia aliacha nguo za watu, akachukua kikapu, akaenda kusimama jukwaani. Mumewe anainua bendera nyekundu, treni inasimama, mama anamwambia dereva kwamba safari ameghairi. Alighairi miaka nenda rudi. Dereva akachoka kufunga breki bure, na bila kuambiana kitu wakaelewana: bendera itainuliwa kama kawaida, dereva atapunguza mwendo, atapiga honi, mama atapunga mkono, na kitabuni itaandikwa kwamba treni ilisimama, basi. Wafanyakazi wa treni wakambandika jina la Abiria wa Kudumu. Naye alilipenda, kusema kweli, maana ni mafundi cherehani wangapi wanaopigiwa honi na treni nzima?

Binti yao wa pekee aliolewa mjini. Mimba mbili zilimharibikia, na ya tatu ilipofika miezi yake alipiga simu akilia kwamba anaogopa, mama asimwache peke yake. Mama akaapa atakuwepo.

Asubuhi walipoambiwa uchungu umeanza, alifungasha nguo za mtoto alizozishona mwenyewe, akawahi jukwaani. Bendera nyekundu ikainuliwa. Dereva akapunguza mwendo, akapiga honi. Mama akapunga mikono yote miwili, akipiga kelele asimamishe. Dereva akacheka, naye akampungia, akaongeza mwendo. Stesheni masta alilikimbilia behewa la mwisho huku akipuliza kipenga, mpaka jukwaa likamwishia.

Treni nyingine ilikuwa ya kesho kutwa. Mama akatembea hadi barabarani, akabebwa na lori la mchanga, akafika jioni. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, mzima, amelala mapajani kwa mama mkwe wa binti. Mama alishukuru, na moyo ukamuuma vilevile. Binti yake hakukasirika. Heri angekasirika.

"Nilikuita, mama," alisema. "Nilikuita mpaka nikaacha."

Aliporudi alimsimulia mumewe maneno hayo kama yalivyo. Wiki iliyofuata habari zikatangulia kwamba mkaguzi atakuwemo ndani ya treni, kuamua kama stesheni ibaki. Honi iliposikika kwa mbali, mama alikata uzi, akainuka kufuata kikapu. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Kaa, mke wangu," akamwambia. "Umesimama vya kutosha."

Treni ikapita bila kupunguza mwendo, na kabla mwezi haujaisha stesheni ikafungwa.