Fundi Aliyejipunguza

Fundi cherehani mmoja mnene aliitwa Shehena mtaa mzima, naye aliitika kwa fahari. Kwa wateja wanene hakuhangaika na futi ya kupimia: aliivaa mwenyewe nguo aliyoishona, akajigeuza mbele ya kioo, na ikimkaa yeye basi iliwakaa nusu ya kina mama wa mtaa.

Arusi ya binti wa dada yake ilipokaribia, Shehena aliapa kwamba katika picha ataonekana mwembamba kama sindano. Asubuhi alikunywa maji ya ndimu, jioni alikula tango, na katikati alimeza mate. Watu walimsifu, naye akadhani sifa hushibisha. Punde nywele zikaanza kubaki kwenye chanuo; akavaa sweta juani; akiinuka ghafla, chumba kilimzunguka. Akili nayo ilihamia jikoni. Kitambaa cha manjano alikiona kiini cha yai. Mteja aliyeulizia sketi yake alifokewa, kisha fundi mwenyewe akaangua kilio asichojua sababu yake.

Katika hali hiyo alimshonea dada yake, mama wa bibi arusi, gauni la kuvaa arusini. Alilijaribu mwilini mwake kama ada, likamkaa barabara. Dada alipokuja kulivaa, lilikwama mabegani, mikono ikiwa juu na kichwa ndani.

"Mdogo wangu, hili ni gauni au foronya?"

"Usipumue, dada."

"Nisipumue mpaka lini? Arusi ni mwezi ujao!"

Alipochomolewa, alimtazama mdogo wake akitafuta tundu la sindano kwa uzi, vidole vikitetemeka, asilipate.

"Ulijipimia mwenyewe, sivyo?"

"Kama siku zote."

"Basi gauni halina kosa. Kipimo ndicho kilicholiwa na panya."

"Nimebakiza kidogo tu nifike, dada."

"Ufike wapi, kaburini? Kitambaa kingine kipo, lakini hukigusi mpaka mkono huo utulie. Kesho tunakwenda kwa daktari. Leo unakula."

Akamletea supu na mkate. Shehena alimeza vijiko viwili, akadai ameshiba, machozi yakimlengalenga.

"Nikinenepa, watanicheka."

"Nikienda arusini na foronya kichwani, watamcheka nani?"

Shehena alicheka bila kutaka. Dada akaketi kwenye kiti cha cherehani, kikalalama.

"Kijiko kingine, au nahamia hapa."

Fundi alikihurumia kiti chake, akafungua mdomo.