Mabondia Kwenye Mlango wa Depo

Mume wangu ndiye aliyeanzisha mashindano yale, na mpaka leo sijaamua kama nimshukuru au nimlaumu. Tulikuwa tunakaa Mbunya, hapo Bunia, wakati wa vita, mji ulipokuwa ukibadilisha mabwana mara kwa mara: unalala ni wa hawa, unaamka ni wa wale. Mimi nilikuwa nauza mandale uani kwetu, ile pombe yetu ya nafaka, na wateja wangu wa kila siku walikuwa watatu. Mwalimu, ambaye shule yake ilikuwa imefungwa. Fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Na mwenye pikipiki, ambaye pikipiki yenyewe ilishachukuliwa na wenye bunduki, lakini jina likabaki. Wanaume hawa, pamoja na mume wangu, hawakuwa na kazi wala pa kwenda. Basi wakaamua kuwapanga mabondia wa uzito wa juu wa dunia nzima, wa zamani na wa sasa, wazima na marehemu, wapiganishwe kwa maneno mpaka apatikane mkubwa kuliko wote.

Niliwauliza marehemu atapiganaje na mzima. Mwalimu akanieleza kwa upole, kama vile mimi ndiye niliyekuwa na matatizo ya kichwa, kwamba kila bondia analetwa na mwili wake wa siku zake bora. Nikawaachia mambo yao.

Mume wangu aliwachora kwa chaki kwenye mlango wa depo, chumba chetu kidogo cha magunia ambacho hakina dirisha, kwa sababu mlango ule ndio uliokuwa ubao laini kuliko mbao zote za nyumba. Akawapanga wawili wawili. Sheria ni zake pia, na alizichukua kwenye posa. Kila bondia alikuwa na familia yake, yaani msemaji anayesimama na kumsifu, na upande wa pili unauliza makosa kama tunavyouliza makosa ya kijana anayetaka binti: amewahi kuanguka? Anakunywa? Amewahi kumkimbia mtu? Baada ya hapo kila mmoja anaweka kikombe chake chini, kushoto au kulia kwa mlango, na vikombe ndiyo kura. Kunyoosha mikono walikataa. Mikono tulikuwa tunainyoosha sana kwenye bariere, pale wenye bunduki walipofunga barabara.

Sasa niseme jambo ambalo mtu wa kwetu analijua tayari. Kulikuwa na pande mbili zinazouana, na watu walizitofautisha kwa macho kabla ya kuuliza jina. Waliamini hawa ni warefu na wale ni wafupi. Ni upuuzi, ninao ndugu walioolewa na kuoa pande zote mbili, na nimeona wafupi wa warefu na warefu wa wafupi. Lakini upuuzi huo uliua watu. Mimi ni wa Aru, mbali kaskazini, sikuwemo kwenye hesabu yao. Mume wangu alikuwemo, na ni mrefu wa kuinama mlangoni.

Wakati wa mashindano ya kwanza mji ulikuwa mikononi mwa wale walioitwa warefu. Na mabondia warefu wakashinda wote. Hakuna aliyewaamuru. Fundi cherehani alikuwa na bondia wake mfupi, mwenye shingo ya fahali, ambaye alimsifu miaka na miaka hata kabla ya vita. Siku yake ilipofika fundi akamsifu nusu nusu, akakohoa, akaweka kikombe upande wa mrefu. Niliona aibu kwa niaba yake. Nilielewa pia: ukuta wa ua una masikio, na nani angependa isemwe kwamba kwa yule mama wa mandale watu wanashangilia wafupi?

Siku hiyo ndipo alipotokea mteja wa nne, na kikombe chake peke yake kikaenda kwa mfupi. Hakutuambia anatoka wapi. Alikuwa na viatu safi. Bunia nzima ilikuwa vumbi jekundu, viatu vya mwalimu havikuwa na rangi tena, na huyu anakaa kwenye benchi langu na viatu vinavyong'aa. Alikuwa anasikiliza zaidi ya kusema. Nikajiambia: huyu ametumwa. Tangu siku hiyo nilimmiminia mandale nikimwangalia mikono, na kila alipoinuka kwenda kukojoa nilimfuata kwa macho mpaka arudi.

Kisha mji ukabadilika, ukawa wa wale walioitwa wafupi. Mume wangu hakupata nafasi ya kukimbia. Nikamficha ndani ya depo nyuma ya magunia ya mahindi, na nikatangaza kwamba amekwenda Aru kwa kaka zangu. Nilimwambia mwalimu hivyo, nikamwambia fundi, nikamwambia mwenye pikipiki. Wote walisema Mungu amlinde njiani.

Bunduki zilipotulia kidogo, wateja wakarudi. Mwalimu akasimama mbele ya mlango wa depo, akaangalia zile chaki, akaomba kitambaa chenye maji.

"Mama, ile mashindano ilikuwa na makosa mingi," alisema. "Tunaanza mupya."

Ningekataa kwa sababu gani? Ningesema msiguse mlango huo, wangejiuliza una nini. Nikaleta kitambaa. Kwa hiyo kila siku, kuanzia asubuhi, wanaume wanne walikaa wakiutazama mlango ambao nyuma yake mume wangu alikuwa anapumua. Nilikuwa nachekecha unga uliokwisha chekechwa, ili kelele ifunike pumzi zake.

Safari hii walishinda wafupi. Mwenye pikipiki, ambaye mwezi uliopita aliapa kwamba mtu wa mikono mifupi hawezi kufika popote, sasa alituonyesha kwa ngumi zake mwenyewe jinsi mfupi anavyopita chini ya mikono ya mrefu. Fundi alimrudishia bondia wake sifa zote na nyingine juu yake. Na mtu wa viatu akaanza kuuliza maswali.

"Mbona mara ya kwanza ulisema ingine?" alimuuliza mwenye pikipiki.

"Mutu anaweza kufikiri tena," akajibu mwenye pikipiki, na kicheko chake hakikufika machoni.

Nikaona sasa nimempata. Mtu anayeuliza nani alisema nini lini, huyo anapeleka habari.

Mvua ikinyesha, bati linapiga kelele na hakuna sikio linaloweza kusikia kitu, ndipo nilipoingia depo na chakula na tukaongea. Nilitaka tuzungumze jinsi ya kumtoa. Yeye alitaka tuzungumze mabondia. Alipokuwa mtoto, familia yake ilikuwa Kinshasa, na aliliona lile pigano kubwa la ubingwa wa dunia la pale akiwa mabegani mwa baba yake. Ilikuwa inamuuma kabisa kusikia watu ambao hawajawahi kuliona wakiliharibu. Nilimwambia wewe una wazimu, watu wanatafuta shingo yako na wewe unatafuta nafasi ya bondia. Akaendelea kula. Nafikiri ndani ya giza lile hakuwa na kitu kingine kilichobaki kuwa chake.

Siku ya yule mrefu aliyeshinda Kinshasa ikafika. Alipangiwa mfupi wa fundi. Fundi akaanza kuuliza makosa, na akavuka mpaka.

"Kinshasa hakushinda kitu," alisema. "Mwenzake alikuwa mugonjwa. Baliachia kamba ya uwanja sababu aegemee. Na raia balikuwa kimya tu, hakuna mutu alimupenda."

Vikombe vitatu vikaenda kwa mfupi. Mtu wa viatu akasema yeye yuko na wa Kinshasa, akaweka chake peke yake upande wa pili. Na kutoka nyuma ya mlango, kwa sauti isiyo kubwa wala ndogo, tukasikia:

"Muongo."

Nilikuwa na kata mkononi, mandale yote ikamwagika miguuni pangu. Hakuna aliyegeuka kuniangalia, na hilo liliniogopesha kuliko kama wote wangegeuka. Mwalimu alifuta mikono yake chaki kwa muda mrefu. Fundi akasema amekumbuka suruali ya mtu. Mwenye pikipiki akasema anamsindikiza. Wakaondoka wote watatu, wakiniaga vizuri, mama, tutaonana, na jua lilikuwa bado juu kabisa.

Mtu wa viatu hakuondoka. Nikasimama kati yake na mlango nikiwa nimeshika mchi. Ningempiga, nasema kweli. Ndipo mlango ukafunguliwa nyuma yangu, na mume wangu akatoka, ndevu zimejaa, macho yanamuuma kwa mwanga.

"Weye haukubadilisha," alimwambia yule mtu.

Nilimwambia arudi ndani. Hakunisikia.

"Mara ya kwanza, bote balienda kwa barefu, weye peke yako ulichagua mufupi wa fundi. Leo bote banaenda kwa bafupi, unabaki na wa Kinshasa. Ile niliona na macho, hii nilisikia."

"Ngumi ni ngumi, muzee," alijibu yule mtu. "Ule alikuwa muzuri siku yake, na uyu alikuwa muzuri siku yake. Mi siogope kikombe."

Tulipigana kwa maneno hapo hapo uani, mimi na mume wangu, kwa kunong'ona, mate yakiruka. Mimi nilisema wale watatu tumekula nao misiba na sikukuu, tumtume mwalimu kwa padri, tumsubiri fundi usiku avunje ukuta, apitie kwake. Huyu tunamjua viatu tu. Yeye akasema: "Weye uliangalia biatu. Mimi ndani ya giza sikuona biatu, nilisikia tu batu. Bale batatu, kila bunduki ikibadilika, nabo banabadilika. Leo bunduki iko ya nani?"

Nikamchukia kwa swali hilo, nikaweka mchi chini.

Yule mtu alikuwa mpishi kwenye kambi ya wanajeshi wa kulinda amani, wale wa kofia za buluu, karibu na uwanja wa ndege. Hakusema mapema kwa sababu kila upande uliwaona watu wa kambi kuwa wapelelezi wa upande mwingine. Viatu safi ni sharti la jikoni kwao. Bariere walimjua, huwapitishia mikate. Akaniomba kuni zangu zote. Tukamfunga mume wangu mzigo mgongoni, mzito kweli, mpaka akajikunja nusu, kwa maana mtu aliyebeba kuni hana urefu. Wakatoka saa tisa mchana, mpishi mbele, na mimi nikakaa chini ya ukuta nikiwa na hakika kwamba nimemkabidhi mume wangu kwa mchinjaji.

Asubuhi walikuja wenye bunduki. Hawakuingia chumbani, hawakuinamisha kichwa kuangalia chini ya kitanda, hawakuniuliza hata mume yuko wapi. Walivuka ua moja kwa moja mpaka mlango wa depo, wakaupiga teke. Wakachoma magunia kwa visu mpaka mahindi yakamwagika. Mkubwa wao akaangalia zile chaki akaniuliza ni nini.

"Mabondia," nikasema.

"Nani iko nashinda?"

"Bafupi."

Akacheka, wakaondoka na gunia moja.

Mchana mpishi akaja, viatu vyake vile vile. Alinong'ona kwamba mzee amefika, na tayari amegombana na jiko zima kuhusu Kinshasa. Nililia mbele yake, na sikumwomba msamaha kwa kuwa hakujua kwamba moyoni nilikuwa nimemshikia mchi tangu siku ya kwanza.

Waliosikia ile sauti walikuwa wanne. Mmoja alimwokoa. Saa ile ya kawaida wale watatu wakaja, wakakaa kwenye benchi, wakauona mlango uliovunjika, na wote wakasema pole kwa sauti moja. Nikawamiminia.

Mume wangu yuko hai, amezeeka. Tulipomwoza binti yetu mwalimu alisimama kuwa msemaji wa familia, fundi alishona nguo zote, mwenye pikipiki alileta mbuzi. Mmoja wao aliwaonyesha wenye bunduki mlango wetu. Wawili hawana kosa lolote, walitupenda na bado wanatupenda, na mimi tangu asubuhi ile sijaweza kumshika hata mmoja wao mkono bila kujiuliza kama ndio uliowaonyesha.