Miaka mitatu mama yangu anapigwa picha kando ya jiko la gesi lisilowaka

Wakuu, salamu popote mlipo. Mimi huwa nasoma za wenzangu na kupita, lakini hii siwezi kuipita. Imetokea kwetu, upande wa Nyamache, Kisii, mbele ya macho yangu. Sitaongeza chumvi, haihitaji.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimebeba mawe Mombasa, nimelinda bohari Lodwar, nimelisha nguruwe kwenye shamba moja Nakuru. Umri umepita arobaini, na nikiwa mbali kitu ninachokumbuka zaidi ni harufu ya moshi kwenye sweta ya mama.

Ila utamu wa moshi anaujua asiyepika.

Safari hii nilimkuta macho mekundu, anakohoa, mgongoni ana mzigo wa matawi ya majani chai yaliyopogolewa. Ndizo kuni zake.

"Mama, na ile gesi ya mavi ya ng'ombe?"

Maana kwenye njia ya kuingia kwetu kuna bango la kijani, limesimama juu ya zege, linasema boma hili linapika bila moshi na kuokoa hewa ya dunia.

"Tata," akasema, ndivyo anavyoniita mwanawe, "iliwaka miezi miwili tu. Ikakohoa kuliko mimi, ikazima."

Na bado kila asubuhi anachota mavi ya ng'ombe wake wawili, anakoroga na maji, anamwaga kwenye tangi lililofukiwa karibu na zizi. Aliambiwa akiacha atatolewa kwenye orodha ya mradi, na akitolewa hatatengenezewa. Akimaliza kumwaga, anajifunga leso na kwenda kutafuta kuni!

Nikaenda kuangalia. Pale shimoni mavi yanapotokea, mapovu yalikuwa yanapanda kama uji unaochemka. Gesi ipo, inatoroka tu.

Nakuru tulikuwa na tangi kama hilo, na nilifundishwa kwamba gesi ile ikiachwa iende hewani hivi hivi, inashika joto vibaya kuliko kaboni ya kuni. Kwa hiyo boma letu lilitoa moshi jikoni, gesi nyuma ya zizi, na mbele bango la kujisifu.

Kesho yake akaja afisa wa mradi, amechomekea vizuri. Gari likaachwa likinguruma langoni muda wote, eti dereva anasikia baridi ya Nyamache. Na ni huyo huyo aliyemwambia mama, "Omong'ina, mama mzee, haya mafiga yako ndiyo yanaharibu hali ya hewa."

Nikamwacha aendelee. Nilitaka nione mwisho.

"Weka sufuria kwenye jiko la gesi," akasema, ametoa simu. "Shika mwiko. Cheka kidogo."

"Haiwaki," mama akasema.

"Najua, mama. Ni ya ripoti tu. Kama ile ya mwaka jana."

Kama ile ya mwaka jana! Wakuu, mama yangu ni shemasi kanisani, hawezi kudanganya hata kuhusu yai la kuku. Na kabla ya siku hiyo alishasimama mara tatu na sufuria tupu, akicheka, kwa tumaini la kutengenezewa. Huko mbali kuna mtu analipia hewa inayodaiwa kuokolewa kwenye picha hiyo, ili yeye aendelee kuchafua ya kwake kwa amani.

Nikamuuliza afisa, "Koki ya kutoa maji kwenye bomba iko wapi?"

Gesi hii hutoka na mvuke. Mvuke hugeuka maji, maji hukaa pale bomba linapoinama, njia inaziba. Nakuru tulifungua koki hiyo kila wiki.

"Mimi si fundi," akasema. "Mimi ni wa ripoti."

Aliyejibu ni Ondieki, jirani yetu aliyechimba mtaro wa bomba hilo, kutoka zizini, kukata njia ya kuingia, hadi jikoni. Alikuwa uani anatazama gari.

"Iko chini ya bango."

"Chini ya nini?"

"Ya bango! Niliwaambia wakimwaga zege. Wakasema, mzee, bango lazima lionekane kutoka barabarani."

Nikaomba mtaimbo. Afisa akaruka mbele yangu. "Hilo ni mali ya mradi! Mkiling'oa, mama anatoka kwenye orodha leo."

Hapo nikasita. Mimi ni wa kupita. Nikikosea, atakayebaki na macho mekundu ni yeye. Nikamgeukia.

Mama akaweka mwiko chini. "Ng'oa, tata."

Tulivunja zege mimi na Ondieki hadi bango likalalia migomba. Koki ilikuwa pale pale, nzima. Nilipoifungua, maji meusi yakaruka, kisha ukasikika mvumo. Nikafunga, tukangoja kidogo, mama akawasha kiberiti jikoni.

Moto wa buluu, umesimama wima.

Mama alimwaga maji kwenye sufuria, akateleka.

Afisa simu ilikuwa tayari juu. "Sasa hii ndiyo picha! Mama, geukia huku."

Mama akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Kwanza futa ile tatu."

"Hazifutiki, mama. Zilishaenda."

"Basi hii haiendi."

Akamgeuzia mgongo na kutafuta majani ya chai. Ondieki akamwambia afisa, "Mkubwa, piga mimi basi, niko na bango." Kweli alikuwa amelikalia.

Jina la mama limeshatolewa kwenye orodha. Jiko linawaka. Kila Jumapili Ondieki anafungua koki, kwa hiyo hata nikiondoka sina wasiwasi. Jana nilinusa sweta ya mama, hakuna moshi. Nilijisikia kama nimekosea nyumba, lakini hakohoi.

Nilichojifunza: gesi ya samadi ni kitu kizuri, siipingi hata kidogo. Ila mtu akikuletea, kabla hajatoa simu ya picha, mwambie akuonyeshe koki, na akufundishe kuifungua kwa mkono wako.

Wenye miradi kama hii kwenu, Nyamira, Suneka, popote, leteni habari. Bango la kwenu limesimama juu ya nini?